Mkono wa Breki

Jumatatu, 4 Machi

Mvua ya kwanza ya msimu imenikuta ndani ya gari, nje ya karakana ya sare za shule, kiti changu cha magurudumu kikiwa kimefungwa nyuma. Haikuwa mvua ya mtu kushusha kiti. Nikafunga vioo, nikatoa daftari hili, ambalo nililinunua ili niandikie vipuri vya vyerehani, nikaona bora niandike lolote kuliko kukaa natazama ukungu.

Basi nianze na mimi mwenyewe. Kazi yangu ni kutengeneza vyerehani. Si kushona, kifungo nikikishona mimi kinaning'inia. Ila cherehani kikikata uzi, kikiruka mishono, kikipiga kelele kama kinasaga mawe, naitwa mimi. Miaka kumi na moja iliyopita nilianguka na pikipiki, na tangu siku hiyo miguu yangu ipo kwa ajili ya kuvalishwa viatu tu. Kaka yangu, fundi wa kuchomelea vyuma, ndiye aliyenitengenezea mkono kwenye gari hili. Ni wenzo mmoja chini ya usukani: ukiuvuta kwako gari linaongeza mwendo, ukiusukuma mbele linafunga breki. Mwaka wa tisa huu naendesha hivyo, nafika kila karakana, nalala kwangu, sisubiri mtu. Nashukuru kila asubuhi, hata zile asubuhi ambazo nimeamka na kisirani.

Redioni wamesema kuanzia wiki hii askari na wakaguzi watasimama barabarani kukamata magari yote yaliyobadilishwa: yaliyoshushwa chini, yenye mabomba ya kelele, yenye taa za rangi. Nikasema afadhali. Kuna moja hupita mtaani kwetu likinguruma mpaka vijiko vinacheza kabatini.

Haikunijia hata kidogo kwamba na langu limebadilishwa.

Jumanne, 5 Machi

Vyerehani viwili, mikanda imelegea kwa unyevu. Mvua.

Alhamisi, 7 Machi

Nimesimamishwa.

Ni pale kwenye mzunguko wa barabara, karibu na duka la matairi. Askari ni mwanamke mrefu, koti lake la mvua fupi, suruali imelowa kuanzia magotini kushuka chini. Mbele yangu walikuwa wamekamata gari lenye taa za zambarau. Akaja dirishani.

"Shuka kwenye gari, mama."

"Ningeshuka kwa moyo mmoja, afande, ila miguu yangu haipokei amri."

Alidhani namfanyia mzaha. Uso ukamkunjamana, akainama kuchungulia, akaona miguu yangu ilivyolala upande, akaona na ule mkono.

"Samahani," alisema, halafu papo hapo akakumbuka kazi yake. "Na hiki ni nini?"

"Ni breki. Na mafuta. Vyote viwili."

"Kimeidhinishwa na nani?"

"Na kaka yangu."

Nilimwona anang'ata mdomo asicheke. Akaandika karatasi, akaniambia nina siku kumi na nne kulipeleka gari kwenye uwanja wa ukaguzi, wakaangalie hicho alichokiidhinisha kaka yangu. Akasimamisha magari mengine ili nipate nafasi ya kutoka. Nimerudi nyumbani nimekasirika, lakini siwezi kusema hakuwa na adabu.

Ijumaa, 8 Machi

Nimemwonyesha Kaka karatasi. Tunakaa uwanja mmoja. Nyumba yao mbele, chumba changu nyuma, karakana yake ya vyuma katikati. Aliisoma amesimama, miwani ya kuchomelea ikiwa juu ya kipaji.

"Wakaangalie nini?" akasema. "Miaka tisa. Umewahi kuusukuma ukagoma?"

"Hata siku moja."

"Basi wakaangalie meno yao."

Wifi, mkewe, alikuwa anaanua nguo kabla mvua haijarudi. "Mpeleke huyo kaka yako kwanza akakaguliwe kichwa," aliniambia, "gari litafuata." Sote tulicheka isipokuwa Kaka.

Jumatatu, 11 Machi

Nimesimamishwa. Askari yule yule. Ameangalia karatasi, kanipungia mkono nipite.

Jumanne, 12 Machi

Tena.

Alhamisi, 14 Machi

Tena. Sasa ananiuliza za nyumbani kabla ya kuniuliza leseni. Nimemwambia cherehani cha dada yake, ambacho alisema kinaruka mishono, huenda sindano imewekwa kinyume tu. Ushauri huo nimeutoa bure, barabarani, kwenye mvua.

Jumatatu, 18 Machi

Leo naandika kwa hasira, herufi zenyewe zinaonyesha.

Nilifika uwanja wa ukaguzi saa mbili asubuhi. Foleni ilikuwa ya magari ya kila aina ya wazimu. Moja lilikuwa limeshushwa chini kiasi kwamba liligoma kupanda kizingiti cha geti, mwenyewe akawa analibembeleza kama mtoto anayekataa dawa. Nilicheka, nikafurahi kuwa mimi si wao.

Mkaguzi ni mtu mfupi, mkimya, miwani yake imefungwa kwa uzi nyuma ya kichwa, na anatembea na kinyundo kidogo kuliko kile ninachotumia mimi kwenye vyerehani. Aligonga chini ya gari, akasikiliza. Akagonga magurudumu. Halafu akaja upande wangu, akaomba radhi, akaomba ruhusa akae kwenye kiti changu. Vijana wa uwanjani waliponishusha akatandika gazeti juu ya kiti, maana koti lake lilikuwa limelowa. Nikasema moyoni, huyu ni mtu wa watu. Ningejua.

Akalala chali chini ya usukani, kichwa chini, miguu nje. Akagonga pale kipande cha chuma kinachoushika mkono kilipochomelewa. Akagonga tena. Akagonga mara ya tatu. Akatoka, akajipangusa.

"Gari hili halitoki hapa likiendeshwa," alisema.

"Kwa nini?"

"Sauti yake siipendi."

"Sauti?" Nilihisi damu inanipanda. "Bwana mkaguzi, unanikatia miguu kwa ajili ya sauti?"

"Siku mkono huu ukikatika umeusukuma kwa nguvu zote, mbele yako kuna mtoto anavuka, utaupata wapi mwingine?"

Nilimwambia maneno ambayo mama yangu asingependa kuyasikia. Aliyapokea yote huku anafungua namba za gari langu, ya mbele na ya nyuma, akazifunga kwa karatasi na kuziweka kabatini.

Nikampigia Kaka. Alikuja na pikapu yake na kamba. Nikaomba Mungu asifike na kitu kingine mkononi.

"Wewe ndiye unayesema kazi yangu mbovu?"

"Nasema ina sauti mbaya," Mkaguzi alijibu.

"Unachomelea wewe?"

"Nilichomelea miaka sita."

Kisha Mkaguzi akamwambia, bila kupandisha sauti: "Kwangua rangi pale kwenye ungio. Paka mafuta ya taa, subiri, pangusa mpaka pakauke, kisha paka unga wa chaki. Kama kuna ufa, mafuta yatatoka ndani yake na chaki itachora mstari. Ukikuta pasafi, rudi hapa unitukane mbele ya watu wote hawa. Nitasimama nisikilize."

Tumevutwa mpaka nyumbani, mimi kwenye usukani wa gari lisilo na namba, Kaka mbele ananivuta. Alivyokuwa anaendesha polepole! Kila shimo alisimama, akashuka kulitazama, ndipo akapita.

Jumanne, 19 Machi

Kaka hajakwangua chochote. Amefunika gari kwa turubai.

Alhamisi, 21 Machi

Mvua kutwa. Magurudumu ya kiti yamezama kwenye tope hatua tano kutoka mlangoni. Wifi amenitoa kwa ubao wa kufulia na matusi, matusi kwa tope, si kwangu.

Jumamosi, 23 Machi

Mama mwenye karakana ile ya sare za shule amefunga cherehani kwenye baiskeli ya jirani na kuniletea mpaka chumbani. Amesema, "Wewe ulikuja kwangu miaka yote, mimi kuja mara moja nitavunjika?" Nimemtengenezea nikiwa nimeinama ili asione macho yangu.

Jumatatu, 25 Machi

Wiki nzima bila gari. Sikujua nilikuwa nimezoea kiasi gani. Mkaguzi simtaki hata kumsikia. Nimemwota, amelala chini ya kitanda changu anagonga.

Jumatano, 27 Machi

Leo nimefanya jambo, na sijui nilifanyie nini.

Kaka alikwenda kupima madirisha kwa mteja, Wifi alikuwa kazini kwake zahanati. Nikajisogeza mpaka kwenye gari, nikavuta turubai, nikajihamishia kwenye kiti. Lengo langu, nakiri, lilikuwa kumwaibisha Mkaguzi. Nilitaka nipate chuma kisafi, nimwambie Kaka, twende wote wawili tukamtukane kama alivyotukaribisha.

Nilikuwa na mafuta ya taa ninayosafishia vyerehani, na chaki ya kuchorea vitambaa, nikaisaga kwa nyuma ya kijiko. Nikalala kwenye viti viwili, kichwa chini ya usukani, nikaanza kukwangua. Rangi ilikuwa nene. Nyeusi, chini yake nyeusi, chini yake nyeusi tena, kama mtu aliyevaa mashati juu ya mashati. Nikafika kwenye chuma. Nikapaka mafuta, nikahesabu mpaka mia tano, nikapangusa kwa kitambaa kikavu, nikapuliza unga wa chaki. Pakawa peupe, pazuri.

Nikasema, unaona?

Halafu mstari ukatokea. Ulianza kama unywele, juu, pale mshono wa kuchomelea unapokutana na kipande. Ukashuka taratibu. Ukapinda. Nilikuwa nautazama unajichora wenyewe, mweusi juu ya weupe, mpaka ukazunguka zaidi ya nusu ya ungio. Kilichobaki kushika kilikuwa kidogo kuliko ukucha wa kidole gumba.

Nimeusukuma mkono ule mara ngapi tangu mwaka uanze? Kila siku, kila taa, kila kivuko cha shule.

Nikafuta chaki. Nikarudisha turubai. Sikumwambia mtu.

Nitasema kwa nini, maana daftari halina mdomo. Pikipiki niliyoanguka nayo, Kaka ndiye aliyekuwa anaiendesha. Lori liliingia upande wetu, hakuwa na pa kwenda. Yeye alitoka na mkwaruzo wa kiwiko. Hatujawahi kulizungumzia. Alikaa miaka miwili haniangalii usoni, halafu siku moja akaja na chuma mkononi akasema, "Nataka uendeshe gari." Sasa nimwambieje kwamba alichonitengenezea kilikuwa njiani kuniua?

Ijumaa, 29 Machi

Imebidi.

Asubuhi Kaka alikuja anasugua mikono, uso umechangamka kwa mara ya kwanza tangu siku ya ukaguzi.

"Mdogo wangu, nimefikiria. Ile barabara ya nyuma, ya machimbo ya mawe, hawakai askari. Nitakukatia namba za bati, utapita huko mpaka wachoke na mambo yao. Leo leo unaenda kazini."

"Kaka, siwezi."

"Unaogopa nini?"

Nikamwomba alete mafuta ya taa na chaki. Aliniangalia, na nadhani alijua pale pale, kabla sijafungua mlango wa gari. Alifanya mwenyewe, kwa mikono yake. Tulisubiri. Mvua ilikuwa inapiga mabati ya karakana. Mstari ulipotokea hakushtuka. Aliupitisha kidole juu yake, kuanzia mwanzo mpaka mwisho, halafu akakaa chini kwenye sakafu ya karakana kama mtu aliyekatwa kamba.

"Mara ya pili," alisema.

"Usiseme hivyo."

"Mara ya pili nataka kukuua."

"Kaka, mimi sikuwahi kukulaumu. Hata siku moja. Hata kule hospitali."

Akanyanyua uso. "Hukuwahi kusema pia."

Ni kweli. Nilidhani kutomlaumu kunatosha. Nilidhani anajua. Miaka kumi na moja tunakula meza moja, na neno dogo kama hilo sikulitoa.

Nikamwambia pale pale, nikalirudia mara tatu, kwa sauti, kushinda mvua: lori ndilo, si wewe. Alitikisa kichwa tu. Akainuka, akazima mashine, akaingia ndani.

Jumamosi, 30 Machi

Kaka hajawasha mashine. Mteja wa geti amekuja, amerudi.

Wifi amekuja kukaa kitandani kwangu, na safari hii hakuwa na utani.

"Wifi, kuna jambo hulijui," alisema. "Kila asubuhi, wewe ukiwa unajiandaa, kaka yako huingia kwenye gari lako. Anagusa nati moja moja. Akimaliza anarudi kunywa chai. Miaka tisa, hata akiwa na homa. Na kila mwaka anapaka rangi upya, isiingie kutu."

Nikaelewa zile rangi zote. Kumbe mashati yale ndiyo yaliyouficha ufa usionekane kwa mtu aliyekuwa anautafuta kila asubuhi. Na mimi nilikuwa nikisikia mlango wa gari ukifungwa alfajiri, nadhani ni wa jirani.

Jumapili, 31 Machi

Amekuja mgeni. Mwanamke mrefu, gauni la maua, mwavuli. Wifi alidhani amekuja kuagiza madirisha, akamkaribisha kwa bei. Nilipotoka nikamtambua kwa sauti: ni Afande wa mzunguko.

"Nilidhani umehama barabara," aliniambia. "Nimekukosa, mtu wa kunijibu vibaya sina." Cherehani cha dada yake kimepona, ilikuwa sindano kweli.

Halafu akasema ametumwa. "Mkaguzi ameniuliza habari zako mara mbili. Yule bwana salamu tu huwa anazibania. Anasema fundi aje. Na kile kipande cha zamani kisitupwe, aje nacho."

Kaka alikuwa mlangoni anasikiliza. "Anataka kunicheka," alisema.

"Kama ni kucheka," Afande alijibu, "utakuwa wa kwanza kumwona akicheka. Uje utusimulie."

Jumanne, 2 Aprili

Kaka amekwenda. Amekikata kipande, kakifunga kwenye gazeti, kaondoka kama anakwenda msibani. Karudi baada ya saa tano. Nilikuwa dirishani tangu ameondoka.

Amesema Mkaguzi ana rafu nzima ya vipande vilivyokatika, kila kimoja na kikaratasi chake, na anavitumia kufundishia wakaguzi wapya. Akaweka cha Kaka katikati, akasema: "Mshono huu ni mzuri. Hukukosea kuchomelea. Ulikosea mahali. Umeuweka pale nguvu zote zinapopindia, na bati lenyewe jembamba. Ungekuwa mshono mbaya, ungekatika mwaka wa kwanza."

"Kasema mshono mzuri," Kaka alirudia. Akakaa, akaomba chai. Wifi alinikonyeza kwa nyuma yake.

Kisha wakachora, wao wawili, juu ya boksi la kadibodi. Bati nene mara mbili. Bolti nne zinazoshika kwenye fremu yenyewe. Na hakuna rangi kwenye mishono, mafuta mepesi tu, ili jicho lione.

Alhamisi, 4 Aprili

Mashine imewaka. Sijawahi kufurahia kelele ile namna hii.

Jumatatu, 8 Aprili

Anapima. Amenikalisha kwenye gari saa nzima, nisukume, nivute, nisukume. "Mkono wako unachoka wapi?" Hakuniuliza hivyo mara ya kwanza, mara ya kwanza alikadiria, kwa sababu kuniuliza kungemlazimu kuniangalia. Sasa ananiangalia.

Jumatano, 17 Aprili

Tumelivuta gari mpaka uwanjani. Mkaguzi kagonga, kasikiliza, kakubali mshono. Kisha kalirudisha. Pini moja ya kuushika mkono haitoshi, anataka ya pili, na kila moja na klipu ya kuizuia isitoke. Nilitazama uso wa Kaka, nikajiandaa. Akasema tu, "Kweli, nilipaswa kuliona." Njia nzima ya kurudi, kila aliposhuka kutazama shimo, alikuwa anapiga mluzi.

Jumamosi, 20 Aprili

Mvua zinapungua. Jirani wa baiskeli kaniletea vyerehani vitatu, hataki asante. Nampa hivyo hivyo.

Ijumaa, 26 Aprili

Afande kapita nyumbani baada ya zamu, kavua viatu vilivyolowa, kakaa na Wifi jikoni wakicheka mambo yasiyonihusu. Nadhani yananihusu kidogo.

Ijumaa, 3 Mei

Niandike polepole, nisiache kitu.

Jua lilitoka, lakini uwanja ulikuwa bado umelowa, na Mkaguzi akasema vizuri, breki ipimwe kwenye sakafu ya maji. Kagonga kila mahali. Kapaka chaki yake. Peupe, pakabaki peupe. Akanirudishia namba, Kaka akazifunga.

"Sasa majaribio ya mwendo," Mkaguzi alisema. "Dereva ndani. Na fundi akae pembeni yake."

"Mimi?" Kaka alisema.

"Aliyechomelea ndiye anayekaa. Akiogopa kukaa, mimi sina haja ya kupima."

Kaka alisimama ameshika mlango. Mwanzo nilidhani ni kiburi. Nilipomtazama nikaona macho yake yamekwama kwenye mkono wa breki, na ndipo nikapiga hesabu ambayo sijui kwa nini sikuwahi kuipiga. Miaka yote tisa hajawahi kupanda gari langu nikiwa naendesha. Sokoni alikuja na pikapu. Harusini alikuja na pikapu. Mazishi ya mama, alitangulia na pikapu. Kila mara kulikuwa na sababu, na kila mara niliiamini.

"Kaka," nilimwambia, "panda. Mimi ndiye naendesha."

Akapanda. Akafunga mkanda, akauvuta mara mbili kuhakikisha. Nikavuta mkono, gari likaondoka. Mkaguzi alikuwa amesimama mwisho wa uwanja na bendera yake. Akiishusha, nisukume kwa nguvu zangu zote.

Mara ya kwanza Kaka alifumba macho. Nikasukuma, magurudumu yakauma maji, gari likasimama hapo hapo. Mkono haukulia hata kidogo.

Mara ya pili aliacha jicho moja wazi.

Mara ya tatu nilimsikia mguu wake unakanyaga sakafu ya gari, kwa nguvu, pale ambapo hakuna kitu.

"Kaka, huko hakuna breki."

Akautazama mguu wake. Akaanza kucheka. Alicheka mpaka akapangusa machozi, na mimi nikashindwa kugeuza gari kwa kicheko, Mkaguzi akaja anakimbia na bendera yake akidhani kuna kilichoharibika.

Cheti kimeandikwa: gari limerekebishwa kwa matumizi ya dereva asiyetumia miguu, marekebisho yamekaguliwa na kukubaliwa. Chini, pa jina la fundi, kuna jina la kaka yangu kwa wino wa serikali. Mkaguzi kamwambia kuna watu wengine wawili kwenye orodha yake wanaohitaji mkono kama huo na hawajui pa kwenda. Je, awaelekeze kwake? Kaka kaitikia kwa kichwa.

Nilimwita Mkaguzi pembeni.

"Nilikutukana, bwana mkaguzi. Mbele yako, na nyumbani nikakuandika kwenye daftari."

"Uliandika kiasi gani?"

"Ukurasa mzima."

"Uache," alisema. "Siku ile ulikuwa haki yangu."

"Basi na huu wa leo uuchukue. Asante."

Hakujua aiweke wapi asante ile. Alivua miwani, akaifuta, akaivaa, akaenda kugonga gari lililofuata.

Tulipofika kwenye mzunguko Afande alitusimamisha. Aliomba cheti, akakisoma chote, mpaka muhuri. "Sasa ameidhinisha nani?" aliuliza. Nikamwonyesha aliyekaa pembeni yangu. Akampigia saluti, saluti kamili, mbele ya foleni ya magari yaliyokuwa yanapiga honi.

Kutoka hapo Kaka aliuliza kama kiti kinalala nyuma kidogo, nikamwambia avute kile kishikio cha chini. Akalaza kiti. Akafungua kioo, upepo ukaingia, mzuri, wa nchi iliyooshwa. Nilikuwa namsimulia kuhusu cherehani cha yule mama wa sare, nikamuuliza kitu, akawa hajibu. Nikageuka.

Alikuwa amelala. Mdomo wazi, mikono imeachia mapajani, kichwa kimeegemea mlango. Kaka yangu, ambaye huwa anashuka kutazama kila shimo.

Nilifika mtaani kwetu. Nikaliona geti, nikamwona Wifi amesimama ananisubiri kwa mikono miwili hewani. Nikaweka kidole mdomoni, nikamwonyesha aliyelala, nikampita. Nimezunguka mji mzima, polepole, mpaka mafuta yakaanza kunitishia, na kila nilipofunga breki nilifunga kwa upole ili asiamke.